Jeni Zile Zile, Maumbile Mbalimbali: Jinsi Mazingira Yanavyoongoza Kazi ya Jeni

Kijiji cha Lyulilo kimo kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, jirani na Matema, wilayani Kyela. Wengi hukifahamu kwa soko lake la vyungu vya Wakisi, lakini kwa mwanafunzi wa biolojia mahali hapo pana jambo jingine la kutazamwa. Upande wa magharibi upo ufuko wa mchanga na uwanda wa mpunga unaopitiwa na mito ya Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone hushuka hadi majini, na ufuko hugeuka kuwa wa mawe kuelekea Ikombe. Hatua chache kutoka nchi kavu, maji huanza kuwa ya kina kirefu. Hivyo basi, katika eneo dogo viumbe hukutana na matope ya mitoni, mchanga, mawe, mwanga mkali na giza la vilindini.

Ziwa hili lina zaidi ya spishi 800 za samaki wa jamii ya perege, waitwao na wanasayansi sikilidi. Maumbo yao, rangi zao na vyakula vyao hutofautiana sana. Hata hivyo, DNA za spishi mbili zilizochukuliwa ziwani humo hutofautiana kwa wastani kwa herufi kama 2 tu katika kila herufi 1,000. Ikiwa maagizo ya urithi yanafanana kiasi hicho, maumbile yanatofautianaje? Sehemu ya jibu imo katika tofauti hizo chache za herufi. Sehemu nyingine imo katika namna maagizo yenyewe yanavyosomwa, na hapo ndipo mazingira yanapoingia.

Wahenga walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wakasema pia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali ya kwanza yaelekea kuutetea urithi, na ya pili malezi. Darasani nako mara nyingi huulizwa: je, umbile la kiumbe huamuliwa na urithi ama na mazingira? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, haliwezi kupata jibu sahihi, kwa kuwa jeni hazifanyi kazi nje ya mazingira, wala mazingira hayawezi kujenga mwili pasipo jeni.

JENI HUSOMWAJE?

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maagizo, aghalabu ya kutengeneza protini fulani. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne za kikemia ambazo hufupishwa kwa A, T, G na C. Jeni inapotumika, kwanza hunakiliwa katika RNA mjumbe. Kisha ribosomu huisoma nakala hiyo na kuunganisha asidi za amino moja baada ya nyingine mpaka protini ipatikane. Mfululizo huo, tangu jeni kunakiliwa hadi protini kuanza kazi, ndio uitwao udhihirikaji wa jeni.

Jambo la kukumbuka ni kwamba si jeni zote zisomwazo katika kila seli, wala kila wakati. Mwanadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, nazo zimo katika karibu kila seli ya mwili wake. Seli ya neva na seli ya misuli zina maagizo yale yale, lakini kila moja husoma kurasa zake. Jeni za hemoglobini, mathalani, husomwa kwa wingi katika seli zinazojenga chembe nyekundu za damu, ilhali katika seli za misuli hubaki kimya.

Wanasayansi wa Kifaransa François Jacob na Jacques Monod walieleza mwaka 1961 jinsi hali ya nje inavyoweza kufungua jeni iliyofungwa. Walichunguza bakteria aitwaye Escherichia coli, aishiye matumboni. Mahali pasipo na laktosi, yaani sukari ya maziwa, bakteria huyo karibu hatengenezi kabisa vimeng'enya vya kuivunja sukari hiyo. Ipo protini inayoishika DNA karibu na jeni zinazohusika na kuzuia zisinakiliwe. Laktosi ikiingia katika seli, sehemu yake hugeuzwa kuwa mada inayoshikamana na kizuizi hicho. Kizuizi hulegea na kuiachia DNA, na jeni huanza kusomwa. Kwa kazi hiyo Jacob na Monod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na mwenzao André Lwoff. Ikumbukwe kwamba laktosi haikuumba jeni mpya, wala haikugeuza hata herufi moja ya jeni iliyokuwapo. Iliondoa tu kizuizi.

MWANGA: JARIBIO LA DARASANI

Shule yoyote yaweza kuliona jambo hili bila ya maabara. Zichukuliwe punje 20 za maharage au mahindi za mbegu moja. Zipandwe 10 katika kopo moja na 10 katika kopo la pili, kwa udongo ule ule na maji ya kiasi kile kile. Kopo la kwanza liwekwe penye mwanga, na la pili lifunikwe kwa sanduku lisilopenyeza mwanga hata kidogo.

Baada ya siku 7 hadi 10 miche ya mwangani itakuwa mifupi, imara na ya kijani. Miche ya gizani itakuwa mirefu, myembamba na yenye rangi ya manjano iliyopauka. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba hii ya pili ni mimea yenye kasoro. Basi na iondolewe sanduku na kuachwa mwangani. Katika siku moja au mbili majani yataanza kuwa kijani.

Maelezo yake ni haya. Katika seli za mmea imo protini iitwayo fitokromu, ambayo hubadili umbo lake inapopigwa na mwanga mwekundu. Ikishabadilika, huingia katika kiini cha seli na kusababisha kuvunjwa kwa protini nyingine ambazo gizani huzuia ukuaji wa kijani. Hapo jeni nyingi zinazohusika na klorofili na ujenzi wa majani huanza kusomwa kwa nguvu. Mwanga huhitajika pia moja kwa moja katika hatua moja ya mwisho ya kutengeneza klorofili. Mche wa gizani ulikuwa na jeni zote tangu mwanzo, ila haukupata ishara ya kuzitumia. Wala urefu wake haukuwa bure, kwani mche ulio chini ya udongo wapaswa kurefuka upesi ili kuutafuta mwanga kabla akiba ya mbegu haijakwisha.

CHAKULA: TAYA ZA SAMAKI MLA KONOKONO

Samaki wa jamii ya perege wana taya za aina mbili: zile za mdomoni za kukamatia chakula, na nyingine za kooni za kukisagia. Katika Ziwa Viktoria yupo samaki aitwaye Astatoreochromis alluaudi, ambaye hula konokono. Taya zake za kooni huwa nene, na meno yake huwa mapana kama mawe madogo ya kusagia.

P. H. Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, alichapisha mwaka 1965 maelezo ya jambo la ajabu. Samaki wa spishi hiyo waliokuzwa kwa chakula laini hawakuota taya nene. Mifupa yao ya kooni ilikuwa myembamba na meno yao madogo, kiasi kwamba mtu asiyejua asili yao angeweza kuwadhania kuwa spishi nyingine. Katika karne hii watafiti wamelipima jambo hilo kwenye jeni zenyewe. Katika taya za samaki waliopewa chakula kigumu, jeni nyingi zikiwamo za ujenzi wa mifupa na misuli husomwa kwa kiwango tofauti na katika taya za wenzao waliopewa chakula laini. Nguvu ya kuvunja gamba la konokono hukandamiza seli za mfupa, nazo seli huitikia kwa kubadili jeni zinazosomwa.

Jambo hili linagusa afya ya watu. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho kabla ya vimelea hivyo kumwingia mwanadamu. Kwa sababu hiyo samaki huyu aliwahi kupandikizwa katika mabwawa nje ya makao yake ili awamalize konokono. Lakini samaki akikulia katika bwawa lenye chakula laini tele, hana haja ya kuvunja magamba, na taya zake hazijengeki kwa kazi hiyo. Kuchagua spishi yenye jeni zifaazo hakutoshi ikiwa mazingira ya malezi hayaziamshi jeni hizo. Ziwa Nyasa nalo lina samaki wake walao konokono, na katika ncha yake ya kusini, nchini Malawi, watafiti wamehusisha kuenea kwa kichocho tangu miaka ya 1980 na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki hao.

KINA CHA MAJI: ZIWA MASOKO

Mto Mbaka hutelemka kutoka nyanda za juu za Rungwe na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa upande wa Kyela. Karibu na mto huo, katika Wilaya ya Rungwe, lipo Ziwa Masoko, ziwa dogo la mviringo lililomo katika kreta ya volkano. Katika mto na katika ziwa hilo huishi samaki mdogo aitwaye Astatotilapia calliptera, ambaye hupatikana pia katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Nyasa.

Samaki hawa wamechunguzwa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) pamoja na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Uingereza, na matokeo makubwa yalitangazwa mwaka 2015 na mwaka 2022. Imekadiriwa kwamba samaki wa Masoko walitengana na wale wa mtoni miaka 10,000 hivi iliyopita. Kisha, miaka 1,000 hivi iliyopita, wakaanza kugawanyika wao kwa wao katika makundi mawili. Kundi moja hukaa kandokando, katika maji ya kina kifupi yenye mwanga, na madume yake huwa ya manjano. Kundi la pili hukaa katika kina cha mita 20 na zaidi, penye mwanga hafifu, na madume yake huwa ya buluu. Makundi hayo hutofautiana pia kwa umbo la mwili na kwa chakula.

Watafiti walipolinganisha DNA za makundi haya mawili, hawakupata hata herufi moja ambayo samaki wote wa kundi moja wanayo na wote wa kundi la pili hawana. Walichokiona kwa wingi ni tofauti katika vibandiko vya methili. Kibandiko cha methili ni kikundi kidogo cha atomu, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinachoweza kushikizwa juu ya herufi C ya DNA. Hakibadili herufi yenyewe, lakini hubadili urahisi wa kusomwa kwake. Mara nyingi vibandiko vikirundikana mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza.

Miongoni mwa jeni zilizosomwa kwa viwango tofauti katika makundi hayo zimo zile za hemoglobini na za utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Jambo hili laeleweka, kwa kuwa samaki wa vilindini hawana budi kupumua katika maji yenye oksijeni kidogo kuliko maji ya juu.

Ili kupambanua kilicho cha urithi na kilicho cha mazingira, watafiti waliwalea samaki wa makundi mbalimbali katika mazingira ya namna moja. Hii ndiyo njia bora ya kulipima swali la aina hii, kwani tofauti inayotoweka katika malezi sawa ililetwa na mazingira, na ile inayobaki yaelekea kurithiwa. Ilionekana kwamba vibandiko vingi hupangwa upya kwa haraka kutoka kizazi kimoja hadi kingine, lakini baadhi ya tofauti za makundi huendelea kwa watoto. Majibu yote mawili yalipatikana katika samaki mmoja.

MIPAKA YA MAZINGIRA: MPUNGA WA KYELA

Baada ya kuyaona haya, mwanafunzi asije akaangukia kosa la upande wa pili na kudhani kwamba mazingira yaweza kila kitu. Mpunga utamsaidia. Mchele wa Kyela unasifika nchini kote kwa harufu yake nzuri, na mnunuzi huifuata harufu hiyo sokoni. Harufu ya michele inukiayo hutokana hasa na mada moja iitwayo asetilipirolini. Mwaka 2005 ilielezwa kwamba katika aina nyingi za mpunga unukiao duniani, jeni iitwayo BADH2 ina hitilafu. Jeni hiyo ikiwa nzima, kimeng'enya chake huitumia malighafi ya harufu kwa kazi nyingine. Ikiwa na hitilafu, malighafi hubaki na kugeuka kuwa asetilipirolini. Hitilafu ya namna hiyo hurithiwa kutoka mbegu hadi mbegu.

Lakini kiasi cha harufu hutegemea pia joto la wakati punje zinapojaa, upatikanaji wa maji, na hali ya udongo. Kwa hiyo mbegu inukiayo ikipelekwa wilaya nyingine yaweza kutoa mchele wenye harufu hafifu, ingawa jeni zake hazikubadilika. Kadhalika, mbegu isiyo na urithi wa harufu haitaupata kwa kupandwa Kyela, hata ikipandwa huko miaka mingi. Mkulima anayetaka kulinda sifa ya mchele wake hana budi kulinda mambo mawili: usafi wa mbegu na hali ya shamba.

Jambo hili si geni katika sayansi. Mwaka 1903 Wilhelm Johannsen wa Denmark alieleza majaribio yake ya maharage ya ukoo mmoja safi. Alipanda punje kubwa na punje ndogo zilizotoka katika ukoo huo, na kizazi kilichofuata kikawa na wastani wa uzito ule ule. Tofauti za ukubwa zililetwa na mazingira, na kwa hiyo hazikurithiwa. Ni Johannsen huyo aliyelitunga neno jeni mwaka 1909, na ndiye aliyetenganisha jumla ya jeni za kiumbe na umbile lake linaloonekana.

MAMA, MTOTO NA MAJIRA

Mwanadamu naye hakuachwa nje ya kanuni hii. Vijijini nchini Gambia, wanawake hula vyakula tofauti katika majira ya mvua na ya kiangazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima watoto waliotungwa mimba katika majira hayo mawili. Katika sehemu kadhaa za DNA zilizochunguzwa, watoto wa majira ya mvua walikuwa na vibandiko vingi vya methili kuliko watoto wa kiangazi, na tofauti hiyo ilihusiana na viini lishe vilivyokuwamo katika damu ya mama wakati mimba ilipoingia. Mwili hupata methili kutokana na chakula, hasa kwa msaada wa folati, ambayo imo kwa wingi katika mboga za majani na maharage, pamoja na vitamini nyingine za kundi B.

Tokeo hilo halisemi kwamba mtoto wa majira fulani ni bora kuliko mwenziwe. Linaonyesha kwamba chakula cha mama huacha alama kwenye DNA ya mtoto mapema mno, pengine kabla mama hajafahamu kwamba ni mjamzito. Ndiyo maana lishe ya msichana na ya mwanamke yafaa kuangaliwa kabla ya mimba, wala si baada yake tu.

Lipo pia funzo kwa mwalimu mwenyewe. Mwanafunzi aliyedumaa au asiyefuata masomo husemwa mara nyingi kwamba ndivyo alivyozaliwa. Usemi huo wawafanana na wa yule aliyeutazama mche wa gizani na kuuita mbegu mbovu. Kabla ya kuhukumu urithi, mazingira hayana budi kusawazishwa kwanza, kama walivyofanya watafiti wa samaki wa Masoko.

MUHTASARI

1. Udhihirikaji wa jeni ni kusomwa na kutumika kwa maagizo yaliyomo katika jeni.

2. Mwanga, chakula, oksijeni na hali nyinginezo huweza kuongeza, kupunguza au kusimamisha usomaji wa jeni bila kubadili herufi za DNA.

3. Njia mojawapo ni protini zinazoshika DNA au kuiachia. Nyingine ni vibandiko vya methili.

4. Mabadiliko mengi yaletwayo na mazingira hayarithiwi. Baadhi ya vibandiko huweza kupita kwa watoto.

5. Mazingira huweza kuamsha jeni iliyopo tu. Hayawezi kuamsha jeni isiyokuwapo.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Katika jaribio la miche, kwa nini ni lazima punje ziwe za mbegu moja na maji yawe ya kiasi kimoja?

2. Mkulima mmoja amepeleka mbegu ya mpunga unukiao kutoka Kyela hadi wilaya nyingine, na mavuno yake yakakosa harufu. Taja sababu mbili tofauti zinazoweza kuleta hali hiyo. Eleza jaribio la kuzipambanua.

3. Samaki mla konokono aliyekuzwa kwa chakula laini amezaa watoto. Watoto hao wakipewa konokono tangu wakiwa wadogo, unatarajia taya zao ziweje? Toa sababu.

4. Eleza kwa nini methali mbili zilizotajwa mwanzoni zinaweza kuwa kweli zote mbili juu ya kiumbe yule yule.